Siku 14 nyuma ya Albert Bierstadt: New Bedford hadi Yosemite

Safari hii inamfuata Albert Bierstadt, mchoraji Mmarekani wa karne ya 19 aliyechora milima ya magharibi kwenye turubai kubwa, na inaanza Jumatatu ya pili ya Septemba. Jumatatu ya kwanza ni sikukuu ya wafanyakazi Marekani, barabara zinajaa na hoteli zinapandisha bei. Ukiisogeza siku ya kuanzia, hesabu upya, maana makumbusho yana siku zake za kufungwa: Metropolitan ya New York Jumatano, Brooklyn Jumatatu na Jumanne, de Young ya San Francisco Jumatatu. Wengi hukwama hapo: wamefika New York, mlango umefungwa, na kesho yake wana ndege.

Bebeni darubini ndogo ya kuongeza ukubwa mara 6 au 8. Watazamaji wa miaka ya 1860 walikuwa na zao, na si kwa mbwembwe. Michoro hii ina watu wenye kimo cha kidole ndani ya turubai la mita tatu.

Siku ya 1, Jumatatu. New Bedford, Massachusetts

Treni ya abiria kutoka South Station, Boston, imerudi New Bedford tangu Machi 2025 na huchukua saa moja na nusu hivi. Kwa siku hii gari halihitajiki.

Bierstadt alizaliwa Solingen, Prussia, tarehe 7 Januari 1830. Aliletwa hapa na wazazi wake akiwa mtoto wa miaka miwili hivi. Baba yake, Henry, alikuwa fundi mapipa, na mji wa kuvua nyangumi hauna siku ya kutotaka mapipa, kwa kuwa mafuta yote yalisafirishwa ndani yake. Anzeni kwenye makumbusho ya nyangumi mkaone meli ya Lagoda, iliyojengwa kwa nusu ya ukubwa wake halisi, ndipo mtaelewa familia ile ilikula nini. Kaka zake Charles na Edward walikuja kuwa wapiga picha, wakiuza picha pacha za kutazamwa kwa kifaa cha macho mawili. Kumbukeni hilo mkifika milimani.

Mwaka 1850 kijana Albert alijitangaza mjini kama mwalimu wa uchoraji wa rangi moja. Mwaka 1853 akapanda meli kurudi Ujerumani, Düsseldorf, akitarajia kufundishwa na Johann Peter Hasenclever, ndugu wa upande wa mama. Hasenclever akafa Desemba mwaka huohuo. Bierstadt hakuwa na mlango mwingine wa ukoo, kwa hiyo akajisogeza kwa wachoraji Wamarekani waliokuwa pale, hasa Worthington Whittredge na Emanuel Leutze, akajifunza kwa kutazama na kunakili. Alirudi 1857 na kitu kimoja ambacho Wamarekani wengi hawakuwa nacho: utaratibu wa Düsseldorf. Unachora skechi nyingi ndogo mbele ya kitu chenyewe, kisha studio unazishona kuwa mandhari moja kubwa.

Hicho ndicho kinachofuatiliwa siku hizi 14. Karibu kila mlima aliouchora upo. Mahali pa kusimama ili uuone kama alivyouchora, mara nyingi hapapo.

Jioni, kama miguu ipo, kaburi lake liko Rural Cemetery hapahapa mjini. Alifia New York 18 Februari 1902 akarudishwa huku.

Siku ya 2, Jumanne. St. Johnsbury, Vermont

Kodini gari Boston asubuhi na mapema. Ni mwendo wa saa tatu kwa barabara ya 93, kisha kipande cha 91. Treni haifiki. Wengi huikata siku hii kwa sababu mji ni mdogo na uko mbali. Wanakosea: kama kuna mchoro mmoja wa Bierstadt unaostahili kuendewa safari nzima, uko hapa, kwenye maktaba ya mji.

Ni *Domes of the Yosemite*, 1867. Urefu wa juu ni karibu mita 3, upana mita 4.5 na ushei. Tajiri wa reli Legrand Lockwood aliuagiza kwa dola 25,000 uwekwe kwenye jumba lake Norwalk, Connecticut. Soko la dhahabu lilipoanguka 1869 Lockwood naye akayumba, na alipokufa 1872 vitu vyake vikauzwa. Horace Fairbanks wa St. Johnsbury akauchukua kwa dola 5,100. Miaka mitano, na bei imeshuka hadi moja ya tano. Fairbanks alikuwa ameujengea mji maktaba, iliyofunguliwa 1871, na mwaka 1873 akaongeza ukumbi wa sanaa nyuma yake. Mchoro umeshika ukuta wa mwisho, na mwanga unashuka kutoka dirisha la paa.

Kwa sababu ya dirisha hilo, saa ya kuingia ni jambo la kupanga. Mchana wa jua kali vanishi hung'aa na sehemu ya juu inageuka kioo. Ikitokea hivyo, usirudi nyuma. Sogea pembeni hatua tatu nne hadi mng'ao uhame. Siku ya mawingu mepesi ni bora zaidi. Tazama kwanza ukiwa mlangoni mwa ukumbi, kabla ya kusogea, halafu nenda hadi karibu uone miamba ya mbele.

Ukiwa karibu, angalia jinsi alivyogawa kazi. Mbele: mawe, misonobari na majani, brashi nyembamba, rangi nene kidogo, giza. Katikati: bonde na mto, rangi nyembamba, kingo zimelainishwa. Nyuma: miamba ya kijivu na buluu iliyopaukapauka, karibu haina mstari mkali hata mmoja. Jicho husoma tofauti hiyo kama umbali. Ukichora kila tabaka kwa ukali uleule, mlima unabandika usoni mwa mtazamaji, na hilo ndilo kosa la kwanza la kila anayeiga mandhari hizi.

Kushoto maporomoko ya Yosemite yanamwagika. Bierstadt alikaa bondeni Agosti na Septemba 1863, wiki saba hivi. Miezi hiyo maporomoko huwa uzi mwembamba, na miaka mingine hukauka kabisa. Weka hilo akilini hadi siku ya 12.

Mwandishi Mark Twain aliuona mchoro huu 1867 na akauandikia gazeti la California. Milima aliisifu, hewa akaikataa: kwa maoni yake ilikuwa ya peponi kuliko ya California. Ukikaa mbele yake nusu saa utaona alichokuwa akilalamikia. Ule ukungu wa dhahabu ni wa Alps.

Siku ya 3, Jumatano. Barabarani

Saa tano na zaidi kushuka hadi New York. Rudisheni gari siku hiyohiyo. Maegesho ya Manhattan yatakula pesa zenu kuliko chakula. Mwenye nguvu apite Irvington, kando ya mto Hudson, ambako Bierstadt alijenga Malkasten, nyumba ya vyumba 35 aliyoipa jina la chama cha wasanii cha Düsseldorf. Maana yake ni sanduku la rangi. Iliungua Novemba 1882. Nyumba hamtaikuta, ila kona ile ya mto bado inaeleza kwa nini alipataka.

Siku ya 4, Alhamisi. New York

Asubuhi Metropolitan, dola 30 kwa mtu mzima asiye mkazi. Nendeni moja kwa moja kwenye mrengo wa Marekani mkautafute *The Rocky Mountains, Lander's Peak*, 1863, sentimita 186.7 kwa 306.7.

Mwaka 1859 Bierstadt aliunga msafara wa Frederick Lander, aliyetumwa na serikali kupima barabara ya magari ya kukokotwa kuelekea magharibi. Wakaondoka St. Joseph, Missouri, wakafika milima ya Wind River, Wyoming ya leo. Alirudi na skechi, picha za kamera, na mavazi na zana za Wenyeji, akapanga studio kwenye jengo la Tenth Street, namba 51. Lander alikufa 1862 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kilele kwenye mchoro kikapewa jina lake. Msiende Wyoming kukilinganisha. Milima ile ina sura hiyo kwa ujumla, lakini ziwa, poromoko lililopigwa na jua na kambi ya Washoshone vimekutanishwa studio.

Mwaka 1864 mchoro huu uliwekwa kwenye maonyesho ya kuchangia majeruhi wa vita, ukitazamana na *Heart of the Andes* wa mchoraji Frederic Church. Mwaka uliofuata ukauzwa dola 25,000 kwa James McHenry. Kabla ya kutoka, tazameni *Washington Crossing the Delaware* wa Leutze, mwenyeji wa Bierstadt kule Düsseldorf na mhamiaji Mjerumani kama yeye. Ndani ya jumba hilohilo mnaona shule moja ikitoa historia na mandhari kwa mapishi yaleyale.

Mchana, treni ya chini namba 2 au 3 hadi Eastern Parkway. Brooklyn wana *A Storm in the Rocky Mountains, Mt. Rosalie*, 1866, mita 2.1 kwa 3.6. Leteni karatasi na penseli. Chukua kipimo kwa penseli iliyonyooshwa mkononi: kimo cha kilele chenye theluji kilichochungulia juu ya mawingu, dhidi ya kimo cha kuta za bonde zinazolizunguka ziwa. Andika uwiano huo. Utauhitaji siku ya 8.

Siku ya 5, Ijumaa. Washington

Treni ya asubuhi. Makumbusho yote mawili ya leo ni bure.

National Gallery ina mwanzo na mwisho. Mwanzo ni *Lake Lucerne*, 1858, mchoro wa futi 6 kwa 10 uliomtambulisha New York. Ndani yake mtindo wote wa baadaye umekwisha kukaa tayari, badilisha tu Uswisi kwa Rockies. Mwisho ni *The Last of the Buffalo*, 1888. Kamati ya Marekani iliukataa usiende maonyesho ya Paris ya 1889, kwa ukubwa wake na mtindo uliokwisha kupitwa. Wanunuzi walikuwa wamehamia kwenye michoro midogo ya Kifaransa, ya brashi iliyolegea. Mke wake Rosalie alikufa 1893, naye mwaka 1895 akafilisika.

Smithsonian American Art Museum wana *Among the Sierra Nevada, California*, 1868. Huu wa California aliuchorea Roma na kuuonyesha London kabla Wamarekani hawajauona. Sina haja ya kueleza zaidi.

Siku ya 6, Jumamosi. Ndege hadi Denver, na mzigo wa rangi

Kwa wanaochora, hapa ndipo vifaa hunyang'anywa. Tapentaini na vipunguzi vya rangi haviruhusiwi kwenye ndege, si begani wala kwenye sanduku la chini, kwa kuwa hushika moto upesi. Tyubu za rangi za mafuta kwa kawaida hupita, lakini ziandikeni "rangi za msanii, mafuta ya mimea", na mchapishe karatasi ya usalama ya mtengenezaji. Dawa rahisi ni rangi za mafuta zinazochanganyika na maji. Hazihitaji tapentaini kabisa, na mlimani hamtakuwa na cha kumwaga.

Bierstadt alichorea skechi zake kwenye karatasi, nyingi zikiwa karibu sentimita 35 kwa 48, na baadaye zikabandikwa kwenye turubai au ubao. Karatasi ni nyepesi, na skechi ishirini hazina uzito wa turubai mbili. Andaeni usiku huu:

Karatasi ya pamba ya gramu 300. Ipake selaki au midiamu ya akriliki mara mbili, pande zote mbili, na kila pako likauke kabla ya jingine. Ukipaka upande mmoja karatasi itajikunja kama gome. Usipopaka kabisa, karatasi itafyonza mafuta, rangi itadoda na kubaki kavukavu, na baada ya miaka karatasi yenyewe itakatika. Kisha tia rangi nyembamba ya kahawia ili usianze juu ya weupe. Bana kwenye ubao kwa utepe, sentimita moja kila upande.

Rangi sita zinatosha: nyeupe ya titani, manjano ya kadmi, udongo wa manjano, kahawia iliyochomwa, kahawia mbichi, buluu ya ultramarini. Wakati wa kurudi, skechi zitakuwa mbichi. Weka vipande vya kizibo kwenye pembe nne kati ya karatasi na karatasi, funga kwa mpira.

Siku ya 7, Jumapili. Denver

Denver iko mita 1,609 juu ya bahari na kesho mtapita 3,400. Leo ni siku ya mwili kuzoea: maji mengi, pombe hapana, kulala mapema. Denver Art Museum inatosha kwa siku.

Siku ya 8, Jumatatu. Maziwa ya Chicago

Juni 1863 Bierstadt alifika Denver kwa gari la farasi pamoja na mwandishi Fitz Hugh Ludlow. William Byers, mhariri wa *Rocky Mountain News*, akampeleka milimani kupitia Idaho Springs hadi kwenye maziwa haya. Kilele kilichosimama juu yake Bierstadt alikiita Rosalie, jina la mke wa Ludlow. Miaka mitatu baadaye mama huyo alitalikiana na Ludlow na Novemba 1866 akaolewa na mchoraji. Kilele nacho kilibadilishwa jina kuwa Evans, na tangu Septemba 2023 kinaitwa Mount Blue Sky. Ramani za zamani zitawachanganya.

Gari hadi Echo Lake, mita 3,230 hivi. Anzeni kutembea saa 12 asubuhi. Kwenda na kurudi ni kilomita 15 na zaidi kidogo, na njia hii ina ujanja: inaanza kwa *kushuka* hadi kijito cha Chicago, halafu inapanda kupita bwawa la Idaho Springs. Kwa hiyo kilima cha mwisho mtakikuta wakati wa kurudi, mmechoka, na huenda mawingu yamekwisha kujikusanya. Hesabuni nguvu za kurudi kabla hamjazimaliza kwenda. Muwe mmegeuka kufikia saa 6 mchana. Radi za alasiri hapa si za kutisha watoto, na karibu na ziwa la juu hakuna miti ya kujificha. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja, dawa ni kushuka.

Kaeni ziwa la chini, mkitazama kusini. Toeni ile karatasi ya Brooklyn, pimeni tena kwa penseli. Kuta za bonde zipo, kali kweli. Ziwa lipo. Kilele nacho kipo, lakini ni bega pana lililolala juu ya ukuta, halina ile sindano ya barafu iliyotoboa anga. Na bonde lenye miti, uwanda na farasi wanaokimbia lilivyo mbele kwenye turubai, hapa haliwezi kukaa. Mmepita kwenye korongo.

Chora dakika 45, si zaidi, kabla kivuli hakijahama. Anza na anga na mstari wa vilele, maana ndivyo vinavyobadilika kwanza. Upepo wa kimo hiki hupindua ubao: ufungie begi zito chini ya stendi. Jua kali huifanya rangi ionekane angavu kuliko ilivyo, kwa hiyo geuza ubao uwe kivulini, la sivyo jioni hotelini utakuta umechora usiku.

Siku ya 9, Jumanne. Mount Bierstadt, kwa anayeweza

Kutoka Guanella Pass, mita 3,557, hadi kilele, mita 4,287. Kilomita 11 kwenda na kurudi. Mwanzo ni kinamasi cha mierebi chenye njia za mbao, msizikwepe. Muwe kileleni kabla ya saa 5 asubuhi. Ambaye jana kichwa kilimuuma, apumzike.

Siku ya 10 na 11. Treni ya California Zephyr

Inatoka Denver asubuhi na kufika Emeryville kesho yake alasiri, ikiwa haijachelewa. Huchelewa mara kwa mara, kwa hiyo msikate tiketi ya kuunganisha jioni ileile.

Asubuhi ya pili, baada ya Truckee, kaeni kulia. Ziwa Donner litaonekana chini. Collis Huntington wa reli ya Central Pacific alimwagiza Bierstadt alichore kutoka juu ya kilele cha njia, na *Donner Lake from the Summit* ukakamilika 1873. Mpo ndani ya mchoro huo: kulia kwake, ubavuni mwa mlima, ndiko reli ilikopita.

Siku ya 12 na 13, Ijumaa na Jumamosi. Yosemite

Treni hadi Merced, kisha basi la YARTS hadi bondeni. Chakula, dawa ya meno na kila chenye harufu kiingie kwenye sanduku la chuma la kuzuia dubu. Gari si salama.

Kabla ya kuja hapa Bierstadt alikuwa ameona New York picha kubwa za mpiga picha Carleton Watkins za bonde hili. Alichorea nyuma ya kamera, kwa namna ya kusema. Baada ya kurudi kwake, Lincoln alisaini sheria ya kulikabidhi bonde kwa California tarehe 30 Juni 1864.

Alasiri tembeeni kando ya mto Merced mkiwa mmeelekea magharibi hadi Sentinel Rock iwe kushoto na El Capitan kulia. Ndiyo mifupa ya *Looking Down Yosemite Valley*, 1865, ulioko Birmingham, Alabama. Saa moja kabla ya jua kuzama, vumbi na mvuke hushika mwanga, na kwa dakika kumi hivi dhahabu ile aliyoikataa Mark Twain inatokea kweli. Kwenye turubai hamna mtu hata mmoja. Waahwahneechee, wenyeji wa bonde hili, walikuwa wamevamiwa na kikosi cha Mariposa mwaka 1851, miaka kumi na miwili tu kabla hajafika, na bado waliishi humu.

Asubuhi ya siku ya 13 nendeni chini ya maporomoko ya Yosemite. Kwa Septemba, tarajieni mwamba mkavu wenye alama nyeusi pale maji yalipopita. Jioni, basi la kurudi Merced.

Siku ya 14, Jumapili. San Francisco

De Young ina *Roman Fish Market, Arch of Octavius*, 1858, wa kabla ya milima yote. Ni mdogo, chini ya mita moja. Soko la samaki chini ya tao la kale, wauzaji wamelala na wengine wanapunga mikono. Tafuteni kwa darubini wazungu wawili, mume na mke, watalii wa Kimarekani. Mume amekibana kitabu chekundu cha mwongozo wa safari.